Kidole Kilichoshonwa Hakitaki Kulala

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea, tafadhali weka mkono wako mezani, kiganja kikielekea juu, uulegeze kabisa kama mkono wa mtu aliyelala. Sasa vitazame vidole. Utaona ya kwamba havikunyooka. Kidole cha shahada kimejikunja haba, cha kati kimezidi kidogo, cha pete kimezidi tena, na kile cha mwisho kimeinama kuliko wenzake wote. Ndivyo ulivyo mkono wenye afya unapopumzika. Mimi niliishi miaka 52 bila kulijua jambo hilo, ingawa mikono hii ndiyo iliyonilisha na kunivika. Na aliyenifumbua macho hakuwa daktari bali mke wangu, usiku, wakati akinifunika shuka.

"Baba Rehema," aliniambia, "mbona hivi viwili vimesimama?"

Mimi ni seremala. Nilifundisha ufundi wa mbao shuleni kwa miaka 11, kisha nikafungua karakana yangu Keko, mjini Dar es Salaam, mahali ambapo mtu akitaka kitanda au kabati hakosi kupafikia. Asubuhi ya siku hiyo, Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, mwaka 2022, nilikuwa nikitia kioo katika mlango wa kabati la vyombo aliloliagiza mama mmoja kwa ajili ya harusi ya bintiye. Kioo kiliteleza. Mtu mwenye akili angekiacha kianguke, maana kioo hununuliwa. Lakini mkono hauna desturi ya kuuliza akili. Mkono wangu wa kushoto ulikidaka, nacho kikanipasua kidole cha pete na kidole cha mwisho, upande wa ndani, pale vidole vinapoanzia.

Kijana wangu wa kazi alinifunga kitambaa, tukakimbilia zahanati iliyo karibu. Sitaitaja, wala simtaji mganga aliyenipokea. Baraza ilijaa watu, na kwa kushona ngozi alinishona vizuri. Akanifunga bandeji, akaniambia nirudi baada ya wiki moja. Jambo moja tu hakulifanya, nalo halikuhitaji dawa wala chombo chochote: hakuniambia nikunje ncha za vidole. Laiti angeniambia, sote wawili tungaliona hapo hapo ya kuwa vidole viwili havisikii amri.

Basi mke wangu, ambaye ni muuza vitumbua na hakusomea uganga, ndiye aliyegundua. Vidole vyangu vingine vilikuwa vimejikunja kwa mfuatano ule niliokueleza; hivi viwili vilichomoza nje ya bandeji vimenyooka kama vijiti. Akaniambia nivikunje. Nikajaribu. Nilijitahidi hata jasho likanitoka, na havikutikisika. Usiku ule, msomaji, sikulala, wala haikuwa kwa maumivu. Mkono wa kushoto wa seremala ndio unaoshika mbao wakati wa kulia unapokata. Seremala asiyeweza kushika mbao ni mlinzi tu wa karakana yake.

Kesho yake tulikwenda hospitali kubwa, na huko ndiko nilikoelezwa mambo ambayo naona yafaa kila nyumba iyajue. Nyama zinazokunja vidole hazimo vidoleni. Zimo katika kigasha, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, nazo huvivuta vidole kwa kano ndefu zilizopita kiganjani. Kila kidole kina kano mbili za kukikunja, isipokuwa kidole gumba chenye mmoja. Sisi watu wa mitaani huita kila kamba iliyomo mwilini mshipa, iwe ya damu, iwe ya fahamu, iwe ya kukunja kiungo, na kwa sababu hiyo mtu akiambiwa "mshipa umekatika" hufikiri habari ya damu, na damu ikisimama huona mambo yamekwisha. Ukano ukikatika, nyama huuvuta upande wake ukazama ndani, mfano wa uzi wa suruali ya kulalia unaozama katika pindo. Tena kadiri siku zinavyopita ndivyo unavyozidi kuwa mgumu kuvutwa nje na kurudishwa mahali pake. Daktari alisema nimefika mapema. Wapo wanaofika baada ya mwezi, wakidhani ya kuwa kidole kimelala kwa uvivu wa kidonda.

Nilipasuliwa siku ya nne. Daktari hakunilaza usingizi. Alinichoma sindano za ganzi kiganjani na vidoleni, akaanza kazi yake nami nikiwa macho, tukizungumza habari za mninga na mkongo. Njia hiyo imeenezwa sana na daktari mmoja wa Kanada, Donald Lalonde, na faida yake niliiona. Alipokwisha kuziunganisha kano, kwa uzi uliopita mara nne katika kila ungo na mwingine mwembamba wa kuzunguka kando, aliniambia, "Mzee, kunja sasa, polepole." Nikakunja. Vidole vikaja. Daktari akainama kutazama kama maungio yanaachana, au kama yanakwama katika njia yao, na aliporidhika ndipo akafunga. Nami sioni haya kukuambia kwamba nililia, na muuguzi akanifuta machozi kwa pamba.

Nikadhani taabu imekwisha. Kumbe fundi alikuwa amemaliza sehemu yake, na yangu ndiyo kwanza inaanza.

Nina kaka yangu mkubwa aliyekuwa mfanyakazi wa bandari. Mwaka 1984 waya wa kupakilia mizigo ulimkata kidole cha kati cha mkono wa kulia. Alishonwa ukano, akafungwa hogo la plasta kuanzia kwenye vidole mpaka karibu na kiwiko, akaambiwa asitikise kitu. Kaka ni mtu wa kutii. Hakutikisa kitu kwa wiki nyingi. Hogo lilipofunguliwa, ukano ulikuwa umeunga barabara, na kidole kilikuwa kimejikunja nusu, hakiendi mbele wala nyuma. Mpaka leo kiko hivyo. Akitia mkono mfukoni, kidole hushika pindo la mfuko. Akinawa uso, humdunga jichoni. Tulipokuwa vijana tulikitania, tukakiita kulabu. Sasa hatukitanii tena.

Kaka huyu alikuja kunitazama siku ya pili baada ya kupasuliwa, akaketi kando ya kitanda, akaninong'oneza kama mtu anayetoa siri: "Mdogo wangu, usiwaache wakuchezee. Mkono utulie." Maneno yake yaliniingia, kwa kuwa yalikubaliana na ufundi wangu. Ubao uliotiwa gundi hubanwa kwa jiliwa, ukaachwa. Anayeutikisa kabla haujakauka ni mwanafunzi, na aghalabu hupigwa kofi.

Kwa hiyo nilipofikishwa kwa mtaalamu wa viungo siku ya nne baada ya kupasuliwa, nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano. Alikuwa mama wa makamo, aliyesomea Moshi, KCMC, mpole wa sauti na mgumu wa msimamo. Alifungua bandeji lote kubwa, akatia kipande cha plastiki katika maji ya moto mpaka kikalegea kama chapati, akakilaza juu ya mgongo wa mkono wangu, kuanzia ncha za vidole mpaka katikati ya kigasha. Kilipopoa kilikuwa kigumu, kimeshika umbo la mkono wangu na si la mwingine. Hilo ndilo gango. Wengine huita banzi. Mahali ambapo plastiki hiyo haipatikani hutengenezwa kwa plasta, na kazi hufanyika. Kifundo cha mkono kilikuwa karibu na kunyooka, maungo ya mwanzo ya vidole yameinamishwa mbele, na gango limekaa kama dari juu ya vidole: vyaweza kujikunja kuja kiganjani, vyaweza kunyooka mpaka vigonge dari, lakini haviwezi kupita hapo wala kuunyoosha ukano kupita kiasi. Akafunga mikanda, akasema, "Haya, Baba, tuanze mazoezi."

"Mama," nikamwambia, "mimi ni seremala. Tangu lini gundi mbichi ikatikiswa?"

Hakucheka. Aliniuliza, "Na droo, Baba? Gundi ikimwagikia katika njia ya droo, ukaiacha imefungwa wiki tatu, utaifungua kwa nini?"

Nilinyamaza. Nimekwisha kuvunja droo za namna hiyo kwa patasi.

Akanieleza kwamba ukano wa kidole hupita katika njia nyembamba iliyozungushiwa vitanzi, ambavyo kazi yake ni kuushika usiondoke juu ya mfupa. Mwili unapoponya ukano, hutoa kovu, na kovu halichagui. Huunga ukano kwa ukano, na huunga ukano na ukuta wa njia yake vilevile. Ukano usiposogea, utapona pamoja na ukuta. Ukivutwa kwa nguvu, uzi utakatika. Baina ya mambo hayo mawili ipo njia nyembamba, na gango ni ukingo wa njia hiyo.

Binti yangu Rehema, anayesomea uuguzi, alinisomea baadaye jinsi waganga wenyewe walivyochelewa kuijua njia hii. Sterling Bunnell, mpasuaji mashuhuri wa mikono huko San Francisco, ambaye kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1944, alipaita mahali pale pale nilipokatwa mimi nchi isiyo na mwenyewe, kama uwanja ulio kati ya mahandaki ya majeshi mawili. Shauri lake lilikuwa kwamba kano zilizokatika hapo zisiunganishwe mara moja. Ngozi ifungwe, na baadaye mgonjwa apandikizwe ukano uliotolewa pengine mwilini mwake. Miaka mingi shauri hilo lilikuwa kama sheria. Kisha mwaka 1967 Harold Kleinert wa Louisville, jimbo la Kentucky, pamoja na wenzake, wakawaeleza wapasuaji wa mikono wa Marekani kwamba wao huziunganisha hapo hapo, na kidole hukifunga kwa mpira mwembamba kutoka kwenye ukucha: mgonjwa hukinyoosha mwenyewe, mpira ukakirudisha, na ukano ukateleza bila kuvuta mzigo. Mwaka 1975 Duran na Houser walionyesha kwamba ukano ukisogezwa milimita 3 hadi 5 tu yatosha kuuzuia usinate. Milimita 5, msomaji! Penseli yangu ya kazi ni nene kuliko hapo. Na mwaka 1989 waganga wa Belfast walitoa habari za wagonjwa walioruhusiwa, siku chache tu baada ya kushonwa, kukunja vidole kwa nguvu zao wenyewe wakiwa ndani ya gango.

Rehema aliponitajia mwaka wa 1975 nilimkumbuka kaka. Elimu ilikwisha kupatikana duniani miaka tisa kabla ya waya ule kumkata, ila haikuwa imefika kitandani pake. Wala hao waliomfunga hogo hawakumkosea kwa makusudi. Walimfanyia kama walivyofundishwa, nao ndivyo walivyofundishwa wengi siku hizo.

Sasa nikueleze maisha ya gango nyumbani, maana hapo ndipo familia nzima inapofungwa mikanda. Halivuliwi usiku wala mchana kwa wiki sita, isipokuwa mbele ya mtaalamu. Kila saa ya mchana, mkono mzima huvishika vidole vilivyoumia na kuvikunja taratibu mpaka kiganjani, mara kumi. Kisha vyenyewe hunyooka mpaka darini, mara kumi. Kisha vyenyewe hujikunja, bila kubana, nusu ya ngumi tu mwanzoni. Amri za namna hii hutofautiana kwa mgonjwa na kwa jinsi alivyoshonwa, kwa hiyo usizichukue zangu ukampa jirani yako. Sisi tuliitumia redio: ikitangaza saa, kitinda mimba wetu aliacha mchezo akaja kuhesabu. Akipotea hesabu tulianza upya, naye alipotea mara nyingi, nadhani kwa hila. Usiku mkono uliwekwa juu ya mito miwili ili uvimbe ushuke, kwa sababu kidole kilichovimba ni kigumu kukunja. Sigara niliacha, nilielezwa kwamba huifinya mishipa ya damu na kuchelewesha kupona. Mke wangu alinikatia nyama, akanifunga vifungo, akaamka saa kumi kuchoma vitumbua vya kutulisha sote. Kukatiwa nyama mbele ya watoto ni jambo dogo likisimuliwa. Lifanyike mara tatu kwa siku uone.

Hatari kubwa huja wiki ya pili na ya tatu, wakati maumivu yamepungua na kovu la ukano bado changa. Mkono unajiona umepona. Tulikuwa na kijana mmoja, kondakta wa daladala, tuliyezoea kukaa naye benchi moja tukingoja mazoezi. Wiki ya tatu alivua gango lake ili aoge vizuri, akanyanyua ndoo ya maji. Anasema alisikia kitu kama uzi wa gitaa. Alipasuliwa mara ya pili, akaanza hesabu yake upya tangu siku ya kwanza.

Nilimsikitikia, nikamlaumu moyoni, na juma lile lile nikafanya yangu. Mama wa harusi alikwisha kulipa arubuni, nami nilikwisha kuilipia kodi ya karakana. Kabati lilibaki milango miwili. Jioni moja, wenzangu walipoondoka, niliingia karakanani peke yangu. Sikuvua gango, la; nilijidanganya ya kwamba nitafanya kazi kwa mkono wa kulia tu. Niliuegemeza mlango kwenye meza, nikaukandamiza kwa goti, nikaanza kupiga msasa. Mlango uliteleza. Na mkono wa kushoto, mkono ule ule, ukaruka kuudaka kabla sijawaza neno.

Haukuudaka. Nilikwisha kusahau kwamba gango limefunika mgongo wa vidole mpaka ncha: ukingo wake ulitangulia kugonga ubao, mkono ukasukumwa kando, mlango ukaanguka chini kwa kishindo na kupasuka pembe. Nilisimama gizani nikiogopa kukunja vidole, maana kabla sijajaribu bado nilikuwa na vidole. Nadhani nilisimama robo saa. Kisha nikajaribu. Kile cha pete kilikuja. Kile cha mwisho kilikuja kwa kusitasita, kama kilivyokuwa asubuhi.

Kesho yake nilimwungamia mtaalamu. Alivipima vidole kimoja kimoja, akakaza mikanda, akaniuliza kabati lile ni la kiasi gani. Nikamtajia. Akaniuliza mkono ni wa kiasi gani. Sikuwa na jibu. Nilitoka hapo nikampelekea kazi fundi jirani, pamoja na mbao na kioo kipya, na faida yote ikamwendea yeye. Harusi haikuchelewa. Karamu sikuhudhuria, niliona haya ya gango, au labda ya kabati.

Wiki sita zilipotimia nililivua. Usidhani vidole viliruka kwa furaha. Vilikuwa vikavu, vyepesi, vyenye hofu, na kwa siku kadhaa nilivikinga na kila mtu aliyetaka kunipa mkono. Wiki ya nane nilianza kubonyeza sponji. Mwezi wa tatu ulipokwisha ndipo niliporuhusiwa kushika randa kwa haki, na siku ya kwanza niliranda ubao mmoja wa mkongo ambao haukuwa na mnunuzi.

Leo kidole cha pete kinafika kiganjani. Cha mwisho kinasimama karibu na kiganja, pengo la unene wa kidole kimoja, wala hakinyooki kabisa. Miezi mitatu zaidi nilikivalisha kigango kidogo usiku ili kisizidi kuinama. Upande wake mmoja una ganzi, na asubuhi za mwezi wa Julai, baridi ikipita, kinauma. Kinashika mbao. Msumari mdogo kinaudondosha.

Gango langu nimelitundika karakanani, juu ya jiliwa, na vijana wa kazi wamekwisha kulizoea. Siku ya Idd kaka alikuja, akalitungua, akaligeuza huku na huku bila kusema neno. Aliufuta vumbi, akauingiza mkono wake wa kulia, akajaribu kuulaza ule mkono wa bandarini ndani yake. Halikumwenea, lilikuwa la mkono wa kushoto. Akalirudisha msumarini, akaniuliza yule mama wa mazoezi huwapo siku gani.